Kuhamia betri ya AGM kwenye gari la kambi: anza na chaji, betri baadaye

Betri yangu ya kwanza ya AGM, ile iliyofungwa isiyoongezwa maji, haikumaliza msimu. Niliifunga mwezi wa sita kwenye Land Cruiser ya kambi, ile yenye hema juu ya paa na friji ya lita 40 nyuma. Kufikia mwezi wa kumi friji ilikuwa inazima saa nane usiku wageni wakiwa wamelala, na asubuhi nyama inaelea kwenye maji ya barafu. Niliporudi Arusha nikaenda kwa fundi aliyenifundisha umeme wa magari. "Shikamoo Mzee. Ile betri mpya imekufa."

"Marahaba, mwanangu." Akanipa mita. "Usiniambie imekufa. Washa gari, uniambie inasoma ngapi."

Kwenye betri ya mbele ilisoma volti 13.9. Nikazunguka nyuma, nikagusa vichwa vya AGM: 13.3. Zaidi ya nusu volti imepotea njiani, kwenye waya nilioufunga kwa mkono wangu mwenyewe. Na hata isingepotea, bado hazikutosha, kwa sababu betri ile ilitaka volti 14.4 na kidogo zaidi ili ijae. Miezi minne ilifanya kazi bila kushiba hata siku moja.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza kuhusu kuhama kutoka betri ya maji kwenda AGM, namwuliza kwanza gari lake linachajije. Wengi huja na hela ya betri mkononi na hawajafikiria chaja. Hapa nitaeleza kazi nzima kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe. Mfano wangu ni gari la kambi la volti 12, lakini hesabu ni zile zile kwenye basi dogo lililogeuzwa kuwa nyumba au karavani ya kuvutwa.

AGM ni kitu gani hasa

Ni betri ile ile ya risasi na asidi ambayo Mfaransa Gaston Planté aliibuni mwaka 1859. Tofauti ni kwamba asidi haichezi ndani kama maji kwenye ndoo. Imefyonzwa na mkeka mwembamba wa nyuzi za kioo uliobanwa kati ya sahani za risasi. Wakati wa kuchaji, oksijeni inayotoka kwenye sahani za chanya hupita kwenye mkeka ule hadi upande wa hasi na kurudi kuwa maji, kwa hiyo hakuna kifuniko cha kufungua wala maji ya kuongeza. Kuna vali ndogo tu, ambayo hufunguka shinikizo likizidi.

Kwa kazi yetu faida ni kubwa. Barabara ya kutoka Naabi kwenda Seronera, ndani ya Serengeti, imejikunja kama bati, na betri ya kawaida hutikiswa pale hadi sahani zinaanza kumomonyoka. Za AGM zimebanwa, hazina nafasi ya kucheza. Asidi haimwagiki gari likiegemea korongoni. Inapokea chaji haraka kuliko betri ya maji, na ikikaa bila kazi hupoteza asilimia chache tu kwa mwezi.

Hasara zake nazo uzijue kabla ya kulipa. Bei ni mara mbili ya betri ya maji au zaidi. Haipendi joto. Ukiizidishia chaji, vali inafunguka, maji yanatoka kama gesi, na hayo hayarudishwi tena. Na haisamehe njaa: ikiachwa nusu tupu wiki baada ya wiki, sahani zinashika chumvi ya risasi inayogeuka kuwa ngumu, na uwezo wake unapungua kidogo kidogo bila wewe kuona.

Kuhusu lithiamu, ni kweli ni nyepesi na haisumbuki ikikaa nusu. Mwenye uwezo wa kununua iliyo nzuri pamoja na chaja zake zote, anunue. Mimi bado nawafungia watu AGM kwa sababu fundi yeyote wa njiani anaielewa, na haina kompyuta ndani inayoweza kuamua kuzima ukiwa porini.

Hatua ya kwanza: hesabu unachokula kwa siku

Chukua karatasi. Andika kila kifaa, ampea zake, na saa kinazofanya kazi. Ampea ukizidisha kwa saa unapata ampea-saa, zile zinazoandikwa Ah kwenye betri. Gari langu lina hesabu hii:

Friji ya kompresa ya lita 40 inavuta kama ampea 4 inapozunguka, na kwenye joto inazunguka kama saa 10 kati ya 24. Hizo ni Ah 40. Taa za LED, ampea 1 kwa saa nne, Ah 4. Simu na betri za kamera, Ah 6. Kompyuta ya mgeni ya wati 60 kwa saa mbili kupitia inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani), pamoja na kinachopotea kwenye inveta yenyewe, Ah 12. Pampu ya maji ya kuogea, robo saa, Ah 1. Jumla 63.

Friji peke yake imekula karibu theluthi mbili. Ukitaka kupunguza matumizi, anza hapo. Ipangie kivuli, usiiweke upande jua la mchana linakopiga, na soda za moto usiziingize usiku ukiwa umezima injini. Ziingize asubuhi ukiwa unaendesha.

Kingine kinachokula kimya kimya ni inveta iliyoachwa imewashwa. Inveta nyingi huvuta kati ya nusu ampea na ampea nzima hata kama hakuna kitu kilichochomekwa. Mara 24, hizo ni Ah 12 hadi 24 kwa siku zilizotupwa. Weka swichi mahali unapofikia, na uizime.

AGM usiishushe chini ya nusu kama kawaida ya kila siku. Ukitumia asilimia 80 ya uwezo wake siku moja ya dharura haitakufa, lakini kila mara unayozama umbali huo unajikatia umri. Kwa hiyo Ah 63 zinahitaji betri ya Ah 126 kama gari linasimama siku nzima bila chaji yoyote. Mimi natumia Ah 100 na paneli ya sola ya wati 100 juu ya paa. Kwa jua letu paneli hiyo, ikiwa haina kivuli na vumbi limefutwa, hurudisha karibu Ah 28 kwa siku. Zinabaki 35 za kutoka kwenye betri, na hapo niko salama hata tukikaa kambini siku nzima bila kuendesha.

Hatua ya pili: pima gari linatoa nini sasa hivi

Hii ndiyo hatua watu wanayoiruka. Unahitaji mita ya kawaida tu.

Endesha gari nusu saa ili injini ipate moto. Lisimamishe, injini ikiendelea kunguruma, na pandisha mzunguko kidogo juu ya sailensa, yaani ule mwendo wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta. Pima kwenye vichwa vya betri ya mbele. Kwenye Land Cruiser za injini ya 1HZ nilizopima mimi, oltaneta (jenereta inayozungushwa na injini) hutoa kati ya 13.8 na 14.2, na inashuka kadiri injini inavyopata joto. Hiyo inaitosha betri ya maji ya kuwashia. AGM haiitoshi.

Sasa pima kwenye vichwa vya betri ya pili, friji ikiwa inazunguka. Tofauti kati ya namba hizi mbili ndiyo inayopotea njiani. Hesabu yake si siri: chukua urefu wa waya wa kwenda na kurudi kwa mita, zidisha kwa 0.0175, gawa kwa unene wa shaba kwa milimita za mraba. Unapata ohm. Zidisha kwa ampea, unapata volti zilizopotea. Gari langu lilikuwa na mita 6 kwenda na 6 kurudi, waya wa milimita 10, ampea karibu 30. Jibu ni volti 0.6, na ndiyo hasa mita ya Mzee ilivyosoma. Waya wa milimita 25 ungepoteza 0.25 tu.

Utasema, betri ikikaribia kujaa ampea zinapungua, na upotevu nao unapungua. Ni kweli, na baada ya saa nyingi AGM ingefika 13.9 kama betri ya mbele. Lakini kutoka Arusha hadi Karatu ni mwendo wa saa mbili na nusu hivi, halafu unazima gari. Na 13.9 yenyewe si 14.4.

Kabla hujatoka kwenye boneti, angalia jambo moja. Land Cruiser nyingi za dizeli zina betri mbili kutoka kiwandani, na zote mbili ni za kuwashia injini. Hata zipo zilizotengenezwa kwa nchi za baridi ambazo huunganisha betri mbili ziwe volti 24 wakati wa kupiga stata. Usije ukaiona ile ya pili ukadhani ni ya friji, ukaichomoa na kuweka AGM mahali pake. Fuata waya hadi mwisho wake kwanza.

Hatua ya tatu: amua AGM italishwa na nini

Gari nyingi zina rilei inayoziunganisha betri mbili pale volti zikipanda, na kuzitenganisha zikishuka ili friji isije ikamaliza betri ya kuwashia. Ni kifaa rahisi na imara, lakini hakiongezi volti hata kidogo. Kinapitisha kile oltaneta ilichotoa, basi.

Chaja ya DC-DC inachukua volti 13 na kitu za oltaneta na kuzipandisha hadi 14.4 au 14.7, kisha inazishusha yenyewe betri ikijaa. Ninazozifunga mara nyingi ni Victron Orion-Tr Smart na REDARC BCDC. Zipo nyingine nzuri. Kwa betri ya Ah 100 chagua ya ampea 20 hadi 30, lakini soma karatasi ya betri kwanza, maana baadhi ya watengenezaji hawataki zaidi ya ampea 20 kwa kila Ah 100. Kwenye magari mapya ambayo oltaneta yake hujipunguza ili kuokoa mafuta, rilei haifai kabisa. Hapo DC-DC ni lazima, na iunganishwe na waya wa swichi ya gari ili ifanye kazi injini ikiwaka tu.

Kontrola ya sola, ile inayokaa kati ya paneli na betri, nayo iwe ya MPPT (aina inayovuna zaidi kutoka kwenye paneli), au PWM (aina rahisi) iliyo nzuri yenye chaguo la AGM. Ukikuta swichi imeandikwa GEL tu, usidhani ni sawa na AGM. Betri ya jeli inataka volti za chini zaidi, kwa hiyo AGM itabaki na njaa kila siku. Na ile chaji ya volti 15 na zaidi inayotumika kuchemsha betri za maji ili kuzisawazisha, izime kabisa, isipokuwa karatasi ya betri yako imeiruhusu kwa maandishi.

Cha mwisho ni chaja ya umeme wa nyumbani yenye hatua za AGM, ya kukaa gereji. Wengi huiona kama anasa. Mimi naiona ndiyo inayoamua kama betri itadumu, na sababu nitaieleza chini, kwenye sehemu ya masika.

Ikiwa bajeti haitoshi vyote, nunua chaja mwaka huu, endelea na betri ya maji, na AGM nunua mwakani. Betri ya maji iliyolishwa vizuri itaishinda AGM yenye njaa.

Hatua ya nne: kununua betri bila kuibiwa

Nenda dukani na mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia magunia. Risasi haidanganyi uzito. AGM ya kweli ya Ah 100 huwa kati ya kilo 27 na 33. Nimewahi kuinua moja iliyoandikwa 100 ikaja kilo 19; niliirudisha rafuni, nikashukuru, nikatoka. Muuza duka hakuuliza kwa nini.

Pima volti papo hapo. AGM iliyokaa vizuri husoma 12.7 hadi 13.0. Ikiwa chini ya 12.5, imekaa dukani muda mrefu bila kuchajiwa, na ugonjwa umeanza kabla hujailipia. Tafuta tarehe ya kutengenezwa, omba karatasi yenye volti za kuchajia na ampea za juu kabisa, na hakikisha ni betri ya kazi ya kushuka na kupanda (deep cycle), si AGM ya kuwashia injini. Zinafanana kwa sura, lakini ya kuwashia ina sahani nyembamba na haitavumilia friji.

Ukinunua mbili, ziwe za aina moja, umri mmoja, siku moja. Kuunganisha mpya na kuukuu, au AGM na ya maji, ni kuifanya nzuri ibebe mgonjwa.

Nyumbani, ichaji ijae, iache ipumzike usiku mmoja. Kisha tafuta taa kuukuu ya mbele ya gari, ya wati 60. Inavuta karibu ampea 5. Iunganishe kwenye betri kwa saa 10, taa ikiwa juu ya kigae au tofali maana inachoma, na mita karibu. Umetoa kama Ah 50. Zima, subiri saa nne au tano, pima. Betri ya kweli ya Ah 100 itasoma karibu 12.2 hadi 12.4. Ikisoma chini ya 12, hiyo si 100, na bado una risiti mkononi.

Hatua ya tano: mahali pa kuiweka

Si chini ya boneti. Umri wa betri ya risasi huhesabiwa kwa nyuzi 25 za joto, na kila nyuzi 10 zinazozidi hapo hukata umri karibu nusu. Pembeni ya injini ya dizeli inayopanda mlima wa Mto wa Mbu hakuna nyuzi 25. Weka nyuma, chini ya droo au nyuma ya kiti, mbali na bomba la moshi, chini kabisa kadiri unavyoweza kwa sababu ni kilo 30 ambazo hutaki zikuyumbishe kwenye kona.

Inaweza kulazwa ubavu. Isigeuzwe kichwa chini.

Ifunge kwa mkanda wa chuma au pembe za chuma zilizopigwa bolti kwenye chesisi au sakafu. Mikanda ya mpira inatosha kwa baiskeli. Chini yake weka mpira mwembamba. Boksi liwe na tundu la hewa: AGM haitoi gesi kwenye chaji ya kawaida, lakini chaja ikiharibika itatoa haidrojeni, gesi inayolipuka, na watu wanalala hatua moja kutoka pale. Ukisikia harufu ya mayai yaliyooza ndani ya gari, zima chaja zote, fungua milango, toeni watu, na usiguse betri hadi ipoe.

Kabla ya kuweka mpya, safisha ilipokaa ya zamani. Gari langu nilipoinua trei ya betri ya zamani nilikuta rangi imekwisha, chuma kimeliwa hadi unaweza kupitisha kidole, na unga wa kijani na mweupe umeganda kwenye waya hadi ndani ya ngozi yake. Asidi inapoozwa kwa magadi yaliyoyeyushwa kwenye maji. Magadi yale yale yanayotoka Ziwa Natron yanafaa. Mwagia, subiri povu liishe, mwagia tena hadi lisitoke povu, suuza, kausha, piga rangi. Waya ulioliwa ndani usiusafishe. Kata utupe.

Hatua ya sita: nyaya na fyuzi

Hapa naomba usiwe na haraka, kwa sababu ndipo magari yanapowaka moto. AGM iliyojaa, waya wa chanya ukigusa bodi, inaweza kutoa zaidi ya ampea elfu moja kwa mara moja. Waya unageuka kuwa kaa.

Waya wa kutoka betri ya mbele hadi DC-DC ya ampea 30: milimita 16 za mraba kama njia haizidi mita 6, na 25 ikizidi. Chaja ikae karibu na AGM, si karibu na injini, ili volti ilizozipandisha zisipotee tena njiani. Fyuzi mbili za ampea 60, moja kila upande, kila moja ndani ya sentimita 20 au 30 kutoka kwenye betri yake. Waya huu una betri kwenye ncha zote mbili. Ukiukinga upande mmoja tu, upande wa pili bado unaweza kuuchoma. Inveta ya wati 300 iwe na waya wake wa milimita 10 na fyuzi ya ampea 40. Friji nayo ipate waya wake yenyewe kutoka kwenye boksi la fyuzi, wa milimita 4 au 6, usiobebana na kitu kingine. Friji nyingi zinazolaumiwa kwa kuzima ovyo zimefungwa na waya wa taa.

Nunua waya wa shaba yenyewe. Kwangua ncha kwa kisu: shaba iliyopakwa juu ya aluminiamu itaonyesha weupe ndani. Vichwa vya waya bana kwa mashine ya kubania, si kwa nyundo. Vuta kwa nguvu zako zote ukimaliza. Kikitoka mkononi kingetoka Serengeti. Vaa kila waya bomba la plastiki, na kila unapopita kwenye tundu la bati weka mpira. Bati linakata taratibu, kilomita kwa kilomita, bila kelele.

Hatua ya saba: siku ya kufunga

Vua saa na pete. Zungushia mpini wa spana utepe wa umeme, ubaki mdomo tu. Kama kuna sola, chomoa paneli kwanza. Halafu ondoa hasi ya betri, ndipo chanya. Wakati wa kurudisha ni kinyume: chanya kwanza, hasi mwisho. Kontrola ya sola iunganishwe na betri kabla ya paneli, maana nyingi husoma volti za betri kwanza ili zijue ziko kwenye mfumo wa 12 au 24.

Hasi ya AGM ipeleke kwenye chesisi kwa waya mnene sawa na wa chanya, mahali palipokwanguliwa rangi hadi chuma king'ae, kisha paka grisi baada ya kukaza. Fyuzi ingiza mwisho kabisa. Ukiona cheche kubwa unapoingiza, simama, kuna kifaa kimewashwa au kuna waya umegusa.

Ningekushauri pia ufunge mita ya betri yenye shanti (kipande cha chuma ambacho umeme wote hupitia ili upimwe) kwenye hasi, inayohesabu ampea zinazoingia na kutoka. Hasi za vifaa vyote zipitie upande wa pili wa shanti, si moja kwa moja kwenye betri, vinginevyo itakudanganya.

Hatua ya nane: kupanga chaja na kuhakiki

Kwa AGM nyingi, volti za kujaza ni 14.4 hadi 14.7, na za kutunza ikishajaa ni 13.5 hadi 13.8, kwenye nyuzi 25. Karatasi ya betri yako ndiyo yenye neno la mwisho. Kama chaja ina kihisi cha joto, kigandishe ubavuni mwa betri. Sisi tunakihitaji kuliko watu wengi: wiki moja gari linalala ukingo wa Ngorongoro, mita 2,300 juu ya bahari, na wiki ile ile liko Natron kwenye mita 600, joto likifika 40. Kila nyuzi moja juu ya 25 hupunguza kati ya milivolti 20 na 30. Kwenye nyuzi 40 kile kiwango cha 14.4 kinatakiwa kiwe karibu 14.1 au chini kidogo. Betri ya moto iliyoshikiliwa kwenye volti za baridi huzidi kupata moto, na ikizidi moto huvuta ampea zaidi, hadi inavimba.

Sasa rudia kipimo cha hatua ya pili. Injini inawaka, friji inazunguka, mita kwenye vichwa vya AGM. Siku Mzee aliponisimamia nikafunga upya, ilianza 13.4, ikapanda taratibu, na baada ya muda ikasimama 14.4 haitingishiki. Alitazama, akafunga mkoba wake wa vifaa.

Betri imejaa lini? Si taa ya kijani ilipowaka. Imejaa pale volti zikiwa 14.4 na ampea zinazoingia zimeshuka hadi kama asilimia moja ya ukubwa wake, yaani ampea 1 kwa Ah 100. Kutoka nusu hadi asilimia 80 ni saa moja na kitu kwa chaja ya ampea 30. Asilimia 20 za mwisho zinaweza kuchukua saa nne au zaidi, na hakuna chaja kubwa itakayoziharakisha. Hapa ndipo sola inapokuwa na thamani: inaendelea kumalizia pole pole mchana kutwa wakati gari limezimwa wageni wakipata chakula, mradi paneli yenyewe iko juani.

Weka friji na inveta zikate umeme betri ikifika volti 11.8 hadi 12.0 zikiwa kazini. Betri iliyopumzika saa kadhaa bila kazi wala chaji inasoma hivi: 12.8 na zaidi imejaa, 12.5 kama robo tatu, 12.2 nusu. Ukisoma huku friji inazunguka, namba itakuwa chini ya ukweli; ukisoma dakika tano baada ya kuzima injini, itakuwa juu ya ukweli.

Masika

Betri nyingi za magari ya safari hazifii porini. Zinafia gereji, mwezi wa nne na wa tano, gari limepaki chini ya bati kwa sababu hakuna wageni. Limeingia likiwa na betri nusu kutoka safari ya mwisho, saa ya dashibodi, alamu na kifaa cha kufuatilia gari vinaendelea kunywa kidogo kidogo, na paneli ya sola iko kivulini. Mwezi wa sita linatolewa, na betri inasoma 10.

Siku gari linapoingia kupaki, chomeka chaja ya umeme wa nyumbani na uiache usiku kucha hadi ampea zishuke kama nilivyoeleza. Kama chaja ina hatua ya kutunza, iache imechomekwa. Kama haina, au umeme wa pale haukai, chomoa hasi ya AGM kabisa na uichaji upya kila baada ya miezi miwili. Hata katikati ya msimu, mara moja kwa mwezi iletee betri usiku mmoja wa chaja ya ukutani.

Betri ya zamani iliyotoka usiimwage asidi yake kwenye mtaro, na usiiache uani watoto wanapochezea. Risasi ni sumu ya ubongo wa mtoto. Ipeleke ikiwa nzima kwa wanaonunua betri chakavu. Wanalipa kwa kilo.

Ubavuni mwa AGM yangu nimebandika kipande cha utepe mweupe, na juu yake naandika kwa kalamu tarehe ya kila chaji kamili na volti za kesho yake asubuhi. Mstari wa juu kabisa unasema 12.9. Wa mwezi uliopita, miaka minne baadaye, unasema 12.8.